Panya wameharibikiwa mbegu, je na mimi?

SWALI: Dokta habari za kazi. Nina miaka 31, nina vidonda vya utumbo mpana na natumia salfasalazini mwaka sasa, imenisaidia kweli. Shida mimi na mke wangu tunatafuta mtoto miezi minane hamna kitu, sasa jamaa yangu kanitumia habari kwamba panya dume waliopewa hii dawa mbegu zao ziliharibika. Ni kweli au ni stori tu? Niache vidonge?

JIBU: Ndugu yangu, pole sana, na vidonge usiache mwenyewe, hilo nakuomba kabla ya yote maana huo utumbo ukiamka upya utakutesa.

Habari yenyewe ni kweli. Tena kwa dawa hii binadamu ndo walitangulia, 1979 madaktari waliandika kuhusu wanaume waliokuwa wanaitumia, mbegu chache, haziogelei vizuri, nyingine zina maumbo ya ajabu, halafu dawa ikisimamishwa zinarudi. Baadaye ndo ikapelekwa kwa panya kutafuta mchawi ni nani, kwa sababu salfasalazini ikifika kwenye utumbo mpana bakteria wanaikata vipande viwili, kimoja mesalazini kinachotuliza vidonda, kingine salfapiridini, na panya waliopewa hicho cha pili ndo uzazi ulishuka, wa mesalazini walikuwa salama.

Kujua mbegu za panya zimeharibika, maabara wanazichukua kwenye kile kimrija kilichojikunja pembeni ya korodani, wanaweka tone chini ya darubini wanahesabu. Mbegu ya panya kichwa chake kimepinda kama ndoano, ikiwa nzima unaiona inachapa mkia inapita, iliyoharibika inatetemeka tu palepale. Mimi naamini zaidi hiyo hesabu kuliko kuangalia kama jike kapata mimba, maana panya ana mbegu za ziada nyingi mno, anaweza kupoteza hata asilimia 90 na bado akazalisha. Mwanaume hana akiba hiyo, kwa hiyo panya akizaa isikufanye useme dawa haina neno.

Na tusichanganye, mbegu kupungua sio kukosa nguvu za kiume, unaweza kuwa vizuri kabisa kitandani na kipimo kikaonyesha chache.

Cha kufanya kapime manii sasa hivi, halafu mwambie daktari wako wazi kwamba mnatafuta mtoto, muulize kuhusu kukuhamishia kwenye mesalazini. Akikubadilishia usikimbilie kupima baada ya wiki mbili ukakata tamaa bure, mbegu ya binadamu inatengenezwa kwa siku kama 74 (panya kama 50 hivi) na bado inakaa siku kadhaa kwenye kile kimrija, rudia kipimo baada ya miezi mitatu. Mke wako naye aonwe, ila miezi minane bado sio ya kutisha, wengi tu wanafika mwaka ndo mimba inaingia.