Silikoni kwenye gasketi za Land Rover Series III

Kaka, umeuliza kama umruhusu fundi apake silikoni (ule ute wa kuzibia unaokauka kama mpira) kwenye kila gasketi, yaani kila karatasi ya kuziba uvujaji kati ya vipande vya injini, ya Land Rover yako, hadi ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda. Ya hedi mkatalie kabisa. Ile inafungwa kavu, hedi na bloku (mwili wa injini) zikiwa safi na zimenyooka, bolti zikikazwa kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) na kwa mpangilio wa kitabu cha gari. Kama hedi imepinda, ipeleke ikapigwe fesi, yaani isagwe uso wake uwe bapa; silikoni haitakuokoa.

Niliwahi kufungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya gari langu hapa Kampala baada ya taa ya oili kuanza kuwaka. Kwenye chujio la pampu ya oili nilikuta vipande vya silikoni vyekundu, virefu kama tambi, vimeziba karibu nusu ya wavu. Silikoni ikizidi hubanwa ikatokea ndani pia, na huko huioni.

Kava ya juu ya valvu hutumia gasketi ya koki, ile kama ya vizibo vya chupa za mvinyo. Ukiipaka silikoni pande zote, itateleza na kuchomoka ukikaza. Ibandike upande wa kava tu, kwa gundi ya gasketi, uache ikauke. Upande wa hedi paka grisi kidogo. Usikaze kwa nguvu, koki hupasuka.

Silikoni ina mahali pake: tone dogo kwenye pembe za sampu, panapokutana vipande viwili. Ipe saa 24 kabla ya kutia oili. Na kabla hujaenda soko la vipuri la Kisekka kununua gasketi, kagua mdomo wa sampu: ukiwa umebonyea kwenye matundu ya bolti, unyooshe kwanza kwa nyundo.