Watakucheka, Lakini Wasomee Hivyo Hivyo: Vitabu vya Watoto Katika Somo la Insha

Wiki iliyopita niliandikiwa na mwalimu kijana ambaye ndiyo kwanza amekabidhiwa darasa la sekondari. "Shikamoo Mwalimu," alianza, "umeandika mara nyingi juu ya vitabu vya picha. Wanafunzi wangu wameshaanza kuota ndevu. Nikiwaingilia na kitabu cha sungura, si watanicheka?"

Marahaba. Watakucheka. Na wanafunzi watacheka dakika tano tu. Wa kuwaogopa ni walimu wenzako.

Nilipopewa somo la insha katika madarasa ya juu, nilirithi rundo la madaftari ambayo ungedhani yameandikwa na mtu mmoja. Kila insha ilianza alfajiri. Jogoo amewika, jua limechomoza kwa madaha, mhusika amerauka, na hadi anatoka nje ya nyumba ukurasa umekwisha. Baada ya hapo ni methali juu ya methali. Msichana aliyefiwa na mvulana aliyeshinda mbio walilia machozi yale yale ya njia mbili mbili. Watoto hawa hawakuwa wavivu. Walikuwa wameambiwa tangu utotoni kwamba kuandika vizuri ni kukusanya misemo mizito na kuipanga, nao wakakusanya kweli kweli.

Niliwapa mihadhara. Niliandika ubaoni "epuka mapambo yasiyo na kazi", wakanakili vizuri kabisa kwa wino wa buluu, halafu insha iliyofuata ikaanza na jogoo.

Ndipo nikaingia darasani na Rosie's Walk, kitabu cha Pat Hutchins cha mwaka 1968. Kuku anatembea shambani. Maandishi yote ya kitabu kile ni sentensi moja yenye maneno 32, na yanaorodhesha tu anakopita. Lakini kwenye picha kuna mbweha anamnyatia kuku tangu mwanzo hadi mwisho, na kila anaporuka anapatwa na balaa jipya. Maandishi hayamtaji mbweha hata mara moja. Kuku mwenyewe wala hana habari.

Nilisoma maneno hayo kwa sauti mara moja, nikiwaonyesha picha, wakacheka: kwanza walinicheka mimi, halafu wakamcheka mbweha. Mara ya pili nikawauliza swali moja: mwandishi ameficha nini? Darasa likanyamaza, kisha mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hata jina lake alilitaja kwa shida, akasema, "Mwalimu, hadithi yenyewe haijaandikwa." Nilikuwa na digrii, na sikuwahi kulieleza jambo hilo kwa ufupi kiasi hicho.

Siku ile waliandika kuhusu mtu anayetembea bila kujua jambo ambalo msomaji analijua. Jogoo hakuwika kwenye daftari hata moja.

Furaha yangu haikufika jioni. Mwenzangu mmoja alikuwa amepita dirishani, na nilipoingia chumba cha walimu nilipokelewa kwa wimbo wa kubembelezea mtoto. Walicheka sana. Mkuu wa idara, bila kuinua macho kutoka kwenye ratiba yake, akasema mtihani hautungwi na kuku. Miaka imepita, na ukinikuta siku mbaya sentensi hiyo bado inaniuma. Nilijua ni nzuri, hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Niliendelea. Sikupigana na mtu, nilibeba vitabu vyangu kwenye mfuko uliofungwa.

Sasa ngoja nikuambie kwa nini kitabu cha watoto na si riwaya. Riwaya huwezi kuiona yote kwa mara moja. Mwanafunzi akiisoma anakumbuka kisa, ila namna kilivyojengwa inampita. Kitabu cha picha unakimaliza kwa dakika saba, unakirudia, unakitandaza mezani kikiwa kizima. Vingi vina kurasa 32, kwa sababu za kiwandani kabisa: karatasi kubwa inachapwa, inakunjwa na kukatwa, na hesabu za kurasa hutoka kwa nane nane au kumi na sita kumi na sita. Mwandishi hana pa kujificha. Neno likizidi linaonekana.

Na kuna jambo la kufunua ukurasa, ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Mwandishi mzuri wa watoto anajua mkono wa msomaji utafunua lini, kwa hiyo anaacha kitu kikining'inia ukingoni mwa ukurasa: mlango umegongwa, jina limeitwa, mtu amegeuka. Jibu liko upande wa pili. Wanafunzi wangu walikuwa wakifunga aya kwa sababu mistari kumi imetimia. Nikawaambia wakate karatasi, washone kijitabu, waandike insha yao humo, aya moja kila ukurasa. Ghafla wakaanza kugombana kuhusu mahali pa kukata. "Ukimtaja nyoka hapa, nani atafunua?" Nimefundisha aya kwa njia nyingi na hakuna iliyofanya kazi kama mkasi na uzi. Baadaye wakirudi kwenye daftari la kawaida, mkato ule wanabaki nao kichwani.

Mwanafunzi akikulalamikia kwamba hana msamiati, mwonyeshe Green Eggs and Ham ya Dr. Seuss, ya mwaka 1960. Kitabu kizima kimetumia maneno 50 tu tofauti, kwa sababu mchapishaji wake aliweka naye dau kwamba hataweza. Kiliuzwa dunia nzima. Mpe naye dau lake: maneno 50, hadithi kamili. Atalia, halafu ataandika.

Na anayedhani neno moja halina uzito, mwambie kuhusu Maurice Sendak. Kitabu chake Where the Wild Things Are kilitoka mwaka 1963, kina maneno 338, na ukurasa wa mwisho hauna picha kabisa. Mtoto amerudi kutoka kwenye mazimwi, amekuta chakula chake kingali moto. Kwa mchapishaji walitaka kiwe cha uvuguvugu, wakiogopa moto unaunguza. Sendak akakataa kata kata. Nilikaa na darasa kipindi kizima kwenye neno hilo moja, tukijadili moto unabeba nini ambacho uvuguvugu hauwezi kubeba, na kengele ilipolia hawakutoka.

Sasa nifike kwenye sentensi ninayojivunia, ingawa si yangu.

Tulikuwa tunasoma Peter Rabbit ya Beatrix Potter, iliyochapishwa na kampuni ya Warne mwaka 1902. Mwanzoni tu, mama sungura anawaonya wanawe wasiende bustani fulani, kwa kuwa baba yao alipatwa na ajali huko, akaishia ndani ya pai. Amekwisha. Hakuna kilio wala mazishi, mama anaenda zake kununua mikate. Nikawauliza kwa nini kifo kimepewa nafasi ndogo hivyo. Wakabishana. Nikawapa kazi: andika jambo zito kuliko yote unayoyajua, kwa sentensi mbili fupi, na usitaje hisia yoyote.

Yule kijana wa nyuma akaandika: "Babu aliingia hospitali Jumatatu. Jumatano tulirudi na viatu vyake."

Niliisoma nimesimama, nikakaa. Hakuna machozi ya njia mbili mbili hapo, na hakuna aliyemfundisha kuandika vile isipokuwa sungura. Nimeibandika ukutani juu ya meza yangu, kwa ruhusa yake, na ndiyo cheti changu cha ualimu.

Mbinu yenyewe haina siri. Mtaalamu wa usomaji Frank Smith aliandika juu ya kusoma kama mwandishi tangu mwaka 1983, na walimu wengi wamelichukua wazo hilo tangu hapo. Soma kwanza kwa raha, usiulize chochote. Rudia, na safari hii uliza mwandishi amefanya nini, si hadithi inahusu nini. Mkikipata kitu hicho kipeni jina lenu wenyewe. Darasa langu lilikuwa na "mbweha" na "viatu vya babu", na kila mmoja alijua maana yake. Kisha waandike papo hapo, wakiazima kitu hicho kimoja. Kimoja tu! Mwalimu anayetaka takriri, tanakali za sauti na mwanzo wa kuvutia kwa kitabu kimoja na siku moja atarudi nyumbani na makelele. Na wewe andika pamoja nao, ubaoni, ukikosea mbele yao na kufuta.

Kwa Kiswahili tuna bahati ambayo hatuitumii. Ile -ka- inayosukuma kisa, akaingia, akatazama, akakimbia, imejaa tele kwenye hadithi za watoto, na mtoto akiisikia mara nyingi kwa sauti anaanza kuhisi lini isukume na lini aikatize kwa -li- ili kisa kisimame. Tanakali vilevile: chubwi si pwaa, na hakuna kitabu cha sarufi kitakachomfanya asikie tofauti hiyo kama kitabu cha chura aliyeangukia majini. Jamani walimu, tunawanyima watoto masikio halafu tunawalaumu kwa kuandika kama viziwi. Tunawapa orodha za misemo wakariri, wanazikariri, tunaita hilo ubunifu na kuwapa alama. Tuache.

Yule mkuu wa idara hivi karibuni aliendesha mafunzo ya walimu kuhusu mbinu za kisasa za insha. Alileta kuku. Alifika mpaka kwa mbweha, akaeleza vizuri, kwa kweli. Jina langu halikutajwa. Sisemi neno juu ya hilo. (Haya, nimesema.)

Kwenye kusahihisha, pigia mstari mahali mwanafunzi alipojaribu kile alichoazima, hata kama amejaribu vibaya, na uandike pembeni maneno machache juu ya hapo tu. Ukiijaza insha wino mwekundu kwa ajili ya tahajia, wiki ijayo atarudi kwa jogoo kwa sababu jogoo ana tahajia salama. Makosa ya tahajia niliyakusanya na kuyafundisha darasa zima siku nyingine.

Vitabu ukivikosa, tovuti za StoryWeaver ya Pratham Books na African Storybook zina hadithi za picha kwa Kiswahili, za bure, na unaruhusiwa kuzichapa. Chagua kwa jicho kali. Nyingine zinaisha kwa ukurasa mzima wa mafunzo, mtoto mtukutu ametubu na wote wamefurahi. Hata hizo usizitupe. Wape wanafunzi hadithi bila ukurasa huo, kisha uwape ukurasa wenyewe, na uwaache waamue wenyewe kama waubandike au wautupe.