Kingereza kinakuchanganya? Tafuta kitenzi kwanza, tensi zitakuja

Jioni nafundisha tuisheni ya kingereza hapa Mwanga, Kigoma mjini, na wanafunzi wangu wengi ni fomu wani waliotoka shule za msingi walikosoma kila kitu kwa kiswahili, alafu wakiingia sekondari hesabu, bailojia, jiografia, vyote vinageuka kingereza. Mtoto anakuja na daftari limejaa tensi, "go, went, gone" anakutajia zote bila kukwama, ila mwambie aandike sentensi chache tu kuhusu mwalo wa Kibirizi, dagaa wanavyoanikwa pale, basi anaandika kitu hakina kichwa wala miguu. Na akili anazo kabisa. Shida ni kwamba hajaoneshwa sentensi ya kingereza imekaaje.

Kiswahili chetu kitenzi kimoja kinabeba watu wote. "Nitakupigia", neno moja tu, ndani humo mimi nipo, muda upo, kupiga kupo na wewe upo. Kingereza kinawatoa wote nje na kila mmoja ana nafasi yake, "I will call you", huwezi kuwahamisha. Ndo maana mtu anaandika "Is raining" kwa sababu "inanyesha" kwake ni sentensi kamili (na ni kweli kamili, kwa kiswahili), hajui kingereza lazima kiweke "it" pale mbele hata kama hiyo "it" haimaanishi kitu chochote. Na mwingine anaandika "My father he is going to Ujiji", anaona ile a- ya "anaenda" nayo inadai neno lake. Haidai, "my father" ameshakaa kwenye kiti.

Kwa hiyo mdogo wangu, ushauri wangu mkubwa ni huu, chukua penseli, kila sentensi pigia mstari kitenzi chenye tensi alafu uliza ni cha nani. Ukipata kitenzi kimoja na mwenyewe, hiyo ni sentensi sahili. Ukipata viwili vimeunganishwa na "and", "but", "so" au "or" na kila upande unaweza kusimama wenyewe, hiyo ambatano. Ukipata upande mmoja unaning'inia, yaani umeanza na "because", "when", "if", "although", "which", ukiusoma peke yake msikilizaji bado anasubiri, basi ni changamano. Zipo zinazochanganya ambatano na changamano pamoja, zisikutishe, njia ni ileile.

Mimi napenda kutumia Liemba, ile meli ya zamani ya Ziwa Tanganyika, maana kila mtoto wa hapa anaijua. Naandika ubaoni: "The Germans sank the ship in 1916. The British raised it in 1924." Sahihi zote mbili, ila ukiandika insha nzima hivo inasomeka kama ya mtoto wa darasa la tatu. Unganisha kwa "but": "The Germans sank the ship in 1916 but the British raised it in 1924." Vizuri. Sasa changamano: "The ship which the Germans sank in 1916 was raised by the British in 1924." Hapa ndo darasa linagawanyika, wengi wanaandika "which the Germans sank it", kwa sababu kichwani wana "meli ambayo Wajerumani waliizamisha" na ile -i- wanaitafutia neno. Kingereza "which" yenyewe ndo meli, ukiongeza "it" umeitaja mara mbili. Alafu funika kwa kidole kile kipande cha "which" mpaka 1916, inabaki "The ship was raised by the British in 1924", inasimama vizuri kabisa, ndo ujue kitenzi kikuu ni "was raised".

"Although" na "but" usiziweke sentensi moja. Sisi tunasema "ingawa ni ya zamani lakini ina nguvu" na hakuna anayeshangaa, kingereza chagua moja. Na kwenye "if", sisi -nge- inakaa pande zote mbili, "ningekuwa na nauli ningeenda Kasulu", ila kwao "would" inakaa upande mmoja tu: "If I had the fare, I would go to Kasulu." Upande wa "if" unachukua umbo la wakati uliopita hata kama unazungumzia leo. Hii ya mwisho inataka mazoezi ya kusema kwa sauti, kuandika peke yake haitoshi.

Mnaosema "mi nasoma sayansi, sarufi ya nini", naomba mnisikilize, hii inaniuma sana. Kuna sentensi kama "Plants which grow in dry areas often have long roots." Nimeona wanafunzi wazuri wanaisoma na kujibu kwamba maeneo makame yana mizizi mirefu, kisa "areas" imekaa jirani na "have". Bailojia anaijua, mimea anaiona kila siku, maksi zinapotea kwa sababu hakuuliza "have" ni ya nani. Akifunika "which grow in dry areas" jibu linajitokeza lenyewe, plants have.

Kwa hiyo usinunue kitabu kingine cha sarufi kwanza. Leo usiku fungua daftari lako la bailojia au jiografia, ukurasa mmoja tu unatosha, pigia mstari vitenzi na uchore mshale kutoka kila kitenzi kwenda kwa mwenye nacho. Ukikuta mshale umeruka maneno mengi, simama hapo, soma tena taratibu, na kesho mwulize mwalimu wako wa somo hilo kuhusu sentensi hiyohiyo.