Saa ya Bomba Kuisha: Kwa Wanaoanza Kazi ICU Wakiwa na ADHD

Wadogo zangu mnaopangiwa ICU kwa mara ya kwanza hapa Dodoma, huku mkijua au mkihisi kwamba mna ADHD, yaani hali ya akili kukosa utulivu na umakini, nawaandikia nikiwa muuguzi ambaye amehudumia wagonjwa mahututi kwa miaka tisa akiwa na hali hiyo hiyo. Mtaambiwa kwamba mtu ambaye akili yake haitulii mahali pamoja hafai kusogea karibu na mashine ya kupumulia. Mimi naamini anafaa, ila ni lazima ajue hatari yake iko wapi. Haiko kwenye dharura: moyo wa mgonjwa unaposimama, akili yangu hutulia na mikono hujua pa kwenda. Tunaponzwa na saa za utulivu, mgonjwa anapokuwa ametengamaa, monita iko kimya, na kazi iliyobaki ni kumgeuza kila baada ya saa mbili, kupima mkojo wake na kurekodi.

Katika mwaka wangu wa pili, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, nilikuwa na mgonjwa mwenye maambukizi makali yaliyosambaa mwilini, na shinikizo lake la damu lilikuwa likishikiliwa na noradrenalini. Saa 2 usiku nilifunga kwenye pampu bomba la sindano la mililita 50 lenye dawa hiyo, kwa mwendo wa mililita 5 kwa saa, nikapiga hesabu kwamba litaisha saa 12 asubuhi. Saa 6 usiku daktari aliagiza mwendo upandishwe hadi mililita 10. Nilipandisha, nikarekodi, kisha nikaitwa kitanda kingine kusaidia kunyonya makohozi. Bomba lilikuwa limebakiwa na mililita 30, yaani dawa ya saa tatu tu, lakini kichwani mwangu ilikuwa bado saa 12 asubuhi. Ilipokaribia saa 9 usiku pampu ilianza kulia, nami sikuwa nimeandaa bomba jingine. Dawa hii huisha nguvu mwilini ndani ya dakika chache, na kabla sijamaliza kuchanganya, shinikizo la juu lilikuwa limeshuka kutoka 108 hadi 64. Mwenzangu alikuja mbio tukamwahi, na mgonjwa yule aliruhusiwa kwenda wodi ya kawaida wiki iliyofuata. Sauti ya pampu ile bado naisikia.

Asubuhi inchaji wetu, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, mama wa makamo ambaye sote tulimheshimu, hakunifokea. Aliniuliza, "Mwanangu, saa ya bomba kuisha uliiandika wapi?" Nikamjibu, "Niliikumbuka, Sista." Akasema, "Basi hukuiandika."

Tangu siku hiyo siingii zamu bila karatasi moja iliyokunjwa mara nne, yenye mistari ya saa, ambapo kila dawa inayokwenda kwa pampu imeandikiwa saa ya kuisha, na saa hiyo hiyo huiandika kwenye plasta ninayobandika juu ya bomba. Mwendo ukibadilika, napiga hesabu upya nikiwa bado nimesimama mbele ya pampu, hata kama naitwa. Bomba linalofuata huwa tayari saa nzima kabla. Mkiitwa wakati mnachanganya dawa, jibuni kwa sauti kwamba mnachanganya, na mkilazimika kuondoka, anzeni upya mkirudi. Kwa potasiamu, insulini na heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), mwombeni mwenzenu apige hesabu yake mwenyewe bila kuonyeshwa ya kwenu, kwa maana potasiamu ikisukumwa kwa haraka kwenye mshipa husimamisha moyo.

Kuhusu uchunguzi, nendeni kwa daktari wa afya ya akili. ADHD huanza utotoni, na wengi wetu, hasa wasichana, tulikua tukiitwa mapepe au wazembe bila mtu kuuliza zaidi. Najua kwamba hapa mjini jina la Mirembe, hospitali ya afya ya akili, hutumiwa mtaani kama kejeli, na kwamba muuguzi huogopa kuonekana getini pale kuliko mtu mwingine yeyote. Mimi niliogopa miaka mitatu, na najutia miaka hiyo. Mkiandikiwa dawa, zungumzeni na daktari kuhusu zamu za usiku, kwa sababu dawa iliyomezwa saa isiyofaa itawanyima usingizi wa mchana, ambao chini ya bati la Oktoba ni mgumu tayari.

Inchaji nilimweleza mwenyewe, kwa maneno machache, nikamwomba mambo mawili: zamu za usiku zifuatane badala ya kuchanganywa na za asubuhi, na nisipangiwe kitanda kilicho karibu na simu ya wodi. Yote mawili alinipa.

Wakati wa kukabidhi zamu huisoma ile karatasi mstari kwa mstari mbele ya anayepokea, tukigusa kila bomba na kulinganisha na saa iliyoandikwa. Kisha naichana na kuiacha wodini, kwa sababu ina habari za mgonjwa, na ya kesho naikunja nikiwa nyumbani, kabla sijalala.