Kabla Hujampa Mwandishi Namba ya Kwanza

Ukitaka kupanga waandishi wakubwa wa dunia, chukua karatasi, andika majina, kisha kando ya kila jina andika lugha uliyomsomea. Tolstoy, Kiingereza. Cervantes, Kiingereza. Naguib Mahfouz, Kiingereza. Shaaban Robert, Kiswahili. Okot p'Bitek, Kiingereza, au Kiacholi kama umejaliwa kukijua. Ukimaliza, isome hiyo safu ya pili peke yake. Kwa wengi wetu tuliosoma shule za Uganda itakuwa Kiingereza kuanzia juu mpaka chini. Maana yake ni kwamba tumepanga waandishi waliofanikiwa kufika kwenye Kiingereza, basi. Wengine hawakupewa hata nafasi ya kushindwa.

Nafundisha Kiswahili hapa Kampala, na kwa miaka kadhaa sasa nina kundi la wasomaji tunaokutana Jumamosi jioni. Wamo walimu, wanafunzi wa chuo, mama mwenye duka la vitenge Kikuubo, na afande mmoja mstaafu anayesoma kutuzidi sote. Ubishi wa nani mkubwa kuliko nani hautuishi, na naupenda. Wapo wasomi wanaosema kupanga waandishi ni utoto, kwamba sanaa haina mashindano. Mimi nasema mtu asiyethubutu kutamka kwamba Tolstoy amempita Dickens, au kinyume chake, bado hajawasoma hao wawili kwa moyo. Kupanga kunakulazimisha urudi kitabuni kutafuta ushahidi.

Usianzie kwenye Tuzo ya Nobel. Ya kwanza ilitolewa 1901, akapewa mshairi Mfaransa, Sully Prudhomme. Tolstoy alikuwa hai, akaendelea kuwa hai mpaka 1910, na hakuipata. Ibsen hakuipata, wala Chekhov. Borges alifariki 1986 bila kuipata, mwaka uleule Wole Soyinka alipokuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuitwaa. Tuzo ina kazi yake njema, ya kumfikisha mwandishi kwa watu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitoa riwaya yake Paradise mwaka 1994, lakini tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, tuliishika mikononi baada ya Nobel ya 2021. Kwa hiyo ishukuru tuzo kwa kukuletea kitabu, halafu kipime kitabu mwenyewe.

Orodha za kura nazo zisome kwa jicho hilohilo. Mwaka 2002 klabu za vitabu za Norway ziliwaomba waandishi 100 kutoka nchi 54 wataje vitabu bora vya nyakati zote. Don Quixote ya Cervantes ikaongoza. Dostoevsky akaingiza vitabu vinne, Tolstoy vitatu, Shakespeare vitatu, Kafka vitatu. Achebe yumo, Mahfouz yumo, Tayeb Salih yumo. Kwa Kiswahili, hakuna hata kimoja. Sidhani kama yupo aliyetudharau. Hakuna anayeweza kupigia kura kitabu ambacho hakikumfikia.

Sisi wa Kampala tuna sababu yetu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito, maana lilitokea hapa, kilimani Makerere. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana chuoni pale: Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Ezekiel Mphahlele, na Langston Hughes aliyekuja kutoka Marekani. Mwanafunzi wa Makerere aliyeitwa James Ngugi, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o, alimkabidhi Achebe mswada wa riwaya yake autazame. Ulikuwa mkutano mkubwa, na fasihi ya bara hili inaudai shukrani. Lakini kigezo cha kualikwa kilikuwa kuandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekuwa ameshaandika tenzi, mashairi na hadithi zilizokuwa zikisomwa Afrika Mashariki nzima, hakuwa na mlango wa kuingilia. Mwezi huohuo akafariki. Ngũgĩ alilieleza jambo hili kwa uchungu miaka ya themanini, alipokuwa amekwisha kuamua kuandika riwaya zake kwa Kigikuyu. Kila mwanakundi mpya namsimulia habari hii kabla hajataja jina lolote.

Hapa Uganda pana ugumu mwingine ambao ndugu zetu wa Tanga au Mombasa huenda wasiuone. Kwa watu wengi, Kiswahili walikisikia kwanza kwenye kizuizi cha barabarani: simama, shuka, toa kitambulisho. Ni lugha ya polisi na jeshi, na kwa wazee wetu ina kumbukumbu mbaya. Sasa mpe mtu kama huyo Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert cha 1951, Waingereza wangali wanatawala Tanganyika. Nchi inaelea angani. Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kufundisha watu sheria. Anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia, mmoja baada ya mwingine, habari za wajumbe sita waliotumwa nje kutafuta mambo mema kwa ajili ya nchi, wakarudi nayo, wakatupwa gerezani. Yule afande wetu alijifunza Kiswahili kambini na kukitumia miaka yote kutoa na kupokea amri. Tulipofika mahali Karama anaposimama barazani, akatuomba turudie kusoma kwa sauti, polepole. Kisha akasema hakujua kwamba mtu anaweza kumwambia mkubwa hapana kwa Kiswahili cha adabu namna ile.

Sasa vigezo. Mimi natumia vitatu, na nakushauri uwe na vyako ukivitaja wazi kabla ya majina. Kwanza, ukimrudia mwandishi ukiwa umekua, je, unakuta jambo ambalo mara ya kwanza hukuliona? Pili, je, anawatendea haki watu wote waliomo kitabuni mwake, hata yule asiyempenda? Tatu, lugha yake ilikuwaje kabla yake, na ikawaje baada yake?

Kigezo cha pili ndicho kinachompandisha Tolstoy kileleni kwangu. Katika Anna Karenina kuna bwana shamba, Levin, anayeamua kwenda kufyeka majani pamoja na wakulima wake. Tolstoy hana haraka. Tunamwona Levin akihema, mistari yake ikipinda, huku mbele yake mzee mmoja akifyeka bila jasho lolote, kama anayetembea tu. Mzee akiona uyoga huinama, huuokota na kuutia kifuani, zawadi ya mkewe. Ufikapo wakati wa chakula anavunjavunja mkate ndani ya chombo, anauponda, anautia maji na chumvi, anasali akielekea mashariki, kisha anamkaribisha bwana wake aonje. Levin anakula naye na kusahau kurudi nyumbani kula. Mzee huyo hana kazi nyingine kubwa katika riwaya nzima, lakini baada ya kurasa hizo chache unamjua. Tulipoisoma sehemu hiyo, mama wa Kikuubo, aliyekulia kwa walima kahawa Masaka, alisema huyo ni babu yake kabisa. Na tulimsoma kwa Kiingereza, Kirusi chake kikiwa kimebaki huko nyuma. Mwandishi anayevuka tafsiri na bado akamleta babu wa Masaka chumbani, huyo namwinamia.

Shakespeare ni wa pili kwangu, na wengi kundini hunikasirikia. Kwa kigezo cha tatu hana mpinzani, naye anavuka vizuri pia: Julius Nyerere alimtafsiri Julius Caesar mwaka 1963 akiwa Rais, kisha akaleta Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na hotuba ya Antoni juu ya maiti ya Kaizari inatikisa kwa Kiswahili vilevile. Ninachomdai ni kwamba tunamsoma kwa lugha yake mwenyewe huku washindani wake tukiwasoma kwa ya kuazima. Nikiipunguza faida hiyo, anashuka hatua moja. Cervantes namweka wa tatu. Sehemu mbili za kitabu chake, ya 1605 na ya 1615, zisome zote. Ya pili ndiyo kubwa.

Wa nne ni Okot p'Bitek, na hapa naomba nisikimbizwe.

Alizaliwa Gulu mwaka 1931. Alicheza mpira timu ya taifa, akaenda nayo Uingereza mwaka 1956, akabaki huko kusoma. Wimbo wake wa Lawino aliutunga kwa Kiacholi, akautafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Kiingereza kilichapishwa Nairobi mwaka 1966. Kiacholi, ambacho ndicho asili, kikangoja mpaka 1969. Mwenyewe alikiri mwanzoni mwa kitabu kwamba katika kutafsiri alipunguza mbawa za tai na kuutia kutu upanga wa shujaa, na kwamba mdundo na vina viliuawa. Fikiria hilo. Kitabu kilichoitikisa Afrika Mashariki yote, kikazaa waigaji Nairobi na Kampala, ni kile kilichopunguzwa mbawa.

Lawino ni mke asiyesoma shule, mumewe Ocol amemwacha kwa ajili ya Clementine. Watu wengi husimulia kitabu hiki kama ugomvi wa kizungu na kienyeji na kuishia hapo. Nenda kwenye sehemu anapoieleza nyumba ya mumewe iliyojaa vitabu. Anauona msitu wenye giza, vitabu vimesimama kama miti mirefu, vingine vimelala vinaoza, na humo ndani mumewe amekosa hewa, uanaume wake umepondwa na vitabu vya darasani. Mwanamke anamwombolezea mume aliye hai. Sisi tunaopenda vitabu, tuliokaa hapo Jumamosi tukijivunia kusoma, sehemu hiyo ilitunyamazisha. Na Okot aliyeitunga alikuwa msomi wa Oxford. Alimpa Lawino haki ya kumhukumu yeye mwenyewe na watu wa aina yake, bila kumpunguzia maneno. Kwa kigezo changu cha pili, ni wachache sana duniani waliothubutu kiasi hicho. Mwanafunzi wetu mmoja kutoka Kitgum alitusomea sehemu hiyo kwa Kiacholi. Tusiojua neno lolote tulisikia mdundo ambao Kiingereza hakina, na tangu siku hiyo nikampandisha kutoka wa saba.

Shaaban Robert ni wa tano. Dunia haijampima kwa sababu amefika kwenye lugha chache, lakini nathari ya Kiswahili tunayoiandika leo imepita mikononi mwake. Dostoevsky wa sita, na najua hapo kuna watakaofunga ukurasa. Kijana wa miaka ishirini humweka wa kwanza, ni haki yake. Mtu aliyesimamishwa mbele ya bunduki mwaka 1849, akasamehewa dakika ya mwisho na kupelekwa Siberia, ana la kuwaambia vijana. Achebe wa saba, Toni Morrison wa nane. Baada ya hapo siweki namba. Proust na Murasaki Shikibu, yule mwanamke wa Japani aliyeandika karibu miaka elfu moja iliyopita, siwapangi kwa kuwa sijawamaliza, na nakusihi nawe usimpange usiyemmaliza. Walau vitabu viwili vya mwandishi kabla ya kumpa nafasi, ukiacha wale walioacha kimoja tu.

Kuhusu kuvipata. Vitabu vya Kiswahili Kampala bado ni vya kutafuta. Maduka makubwa ya Kampala Road yana vya shule zaidi. Riwaya na diwani tunaagiza Nairobi au Dar es Salaam, na mara nyingi vinakuja kama kifurushi kwenye basi la usiku kupitia Busia. Warusi na Wazungu wengine utawakuta kwa wauza mitumba ya vitabu kando ya barabara, kwa bei ya chakula cha mchana; angalia kama kurasa za mwisho zipo kabla hujalipa. Muulize muuzaji jina la mfasiri, hata asipojua, kwa maana tafsiri mbili za Tolstoy zinaweza kukupa waandishi wawili tofauti. Lawino utampata kwa urahisi, na kuna toleo la Kiswahili pia, Wimbo wa Lawino, ambalo ukilikuta popote linunue siku hiyohiyo.

Kama unaanza kabisa, usianze na Vita na Amani kwa sababu tu jina lake ni kubwa. Anza na Kusadikika, ni kitabu chembamba, kisha Lawino, kisha Kifo cha Ivan Ilyich cha Tolstoy, nacho ni kifupi. Visome vyote vitatu kwa sauti, na mtu mwingine akiwa chumbani. Halafu niandikie umempa nani namba ya kwanza, na ulimsoma kwa lugha gani.