Pesa zinapotea kwenye seva ya kukodi: mashine pepe ina kosa gani?

SWALI: Shikamoo Dokta. Niliandika programu ya kutunza akiba za saccos yetu, tuko wanachama kama mia nne. Kwenye laptopu yangu niliijaribu miezi mitatu na haikukosea hata shilingi. Tangu tuihamishie kwenye seva ya kukodi, mashine pepe (kompyuta inayoigizwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi) yenye prosesa pepe mbili, kila mwisho wa mwezi watu wakilipa kwa simu kwa wingi salio la mmoja wawili linapungua: kalipa mara mbili, imeingia mara moja. Fundi mmoja ameniambia mashine pepe hazina uhakika na hesabu. Akanishauri niongeze prosesa pepe zifike nane, na niweke sleep, amri ya kuilaza programu kwa muda, ya milisekunde 50 kabla ya kuandika salio jipya. Nimeweka, na wiki mbili sasa hakuna aliyelalamika. Niendelee hivi, au tununue mashine yetu tuiweke ofisini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Mashine msinunue, na hiyo sleep itoe leo hii. Wiki mbili bila lalamiko, nadhani, ni wiki mbili ambazo hazijafika mwisho wa mwezi.

Barua ya namna hii naipata mara kwa mara, kinachobadilika ni biashara tu: leo saccos, juzi duka la dawa, kabla yake tiketi za mabasi. Na karibu kila barua ina fundi nyuma yake ambaye ameshaihukumu mashine pepe bila kusoma msimbo hata mstari mmoja. Kama mashine pepe zingekuwa hazijui kujumlisha, tungeshajua zamani. IBM walikuwa wakiwagawia watumiaji wengi mashine moja kubwa kwa mfumo wao wa mashine pepe, CP-67, tangu miaka ya 1960, na mrithi wake, VM/370, ikatoka mwaka 1972.

Tulitazame salio lenyewe. Mwanachama ana 50,000. Saa nne usiku malipo yake mawili yanaingia karibu pamoja, 10,000 na 5,000. Ombi la kwanza linasoma salio: 50,000. Kabla halijaandika, la pili nalo linasoma: 50,000. La kwanza linajumlisha na kuandika 60,000. La pili, ambalo bado limeshika ile 50,000 yake, linaandika 55,000 juu yake. Elfu kumi imekwenda, na hakuna aliyekosea kujumlisha. Hali hii tunaiita mbio, kwa sababu jibu linategemea nani kawahi na nani kachelewa.

Mbio hizo zilikuwemo kwenye laptopu yako miezi yote mitatu. Huko ulikuwa peke yako, unabonyeza kitufe, unasubiri, unabonyeza tena. Kwenye seva, kwanza watu wanalipa kwa pamoja. Pili, chini ya mfumo wako kuna haipavaiza, programu inayowagawia wapangaji wote mashine halisi, na kwake prosesa yako pepe ni mtu wa kupangiwa zamu tu. Inaweza kukuondoa katikati ya kusoma na kuandika, ikamhudumia jirani, ikakurudisha baada ya milisekunde kadhaa. Programu yako haina habari kwamba ilisimamishwa. Upenyo uliokuwa mwembamba kama uzi sasa mtu anapita wima.

Hili wala si siri. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliweka masharti ya kitu kustahili kuitwa mashine pepe, na mojawapo linadai programu ifanye ndani yake yaleyale ambayo ingefanya kwenye mashine halisi. Wanafunzi wangu wanaikariri nusu hiyo vizuri sana. Nusu ya pili wanairuka: isipokuwa pale tofauti inapotokana na muda, au na upatikanaji wa rasilimali za mashine. Kwa hiyo mashine pepe inakuahidi majibu yaleyale, ila muda haikukuahidi. Wewe umejenga saccos juu ya kitu ambacho hukuahidiwa.

Sasa tuje kwenye sleep, maana hapa ndipo ninapokosa subira. Umesema umeiweka kabla ya kuandika salio jipya, yaani baada ya kulisoma la zamani. Fundi wako hakuziba upenyo, ameupanua kwa milisekunde 50 nzima! Tarehe 30 ikifika, malipo mawili ya mtu mmoja yakikaribiana ndani ya muda huo, yatagongana. Na hata angeiweka mahali pengine, kulaza programu hakuondoi mbio, kunazihamisha tu. Ni kumpa Panadol mgonjwa wa malaria kisha ukafurahi kwamba homa imeshuka.

Nisijifanye malaika. Nikiwa kijana wa maabara niliweka mstari wa kuchapisha ujumbe ili nijue kosa la namna hii liko wapi, kosa likatoweka. Nikautoa, likarudi. Nikaurudisha, nikauacha pale, nikaenda zangu nyumbani nimefurahi. Yaliyofuata sitaki kuyasimulia.

Na prosesa nane? Ukiongeza wanaofanya kazi kwa wakati mmoja, unaongeza wanaoweza kugongana. Tena unaweza ukalipa zaidi upate kasi ndogo. Ingia kwenye seva yako, andika amri top, tazama mstari wa prosesa, mwishoni kabisa kuna herufi st. Hiyo ni asilimia ya muda ambao prosesa yako pepe ilikuwa tayari kufanya kazi lakini haipavaiza ilikuwa na mtu mwingine. Namba hiyo ikiwa kubwa, mashine halisi imeshajaa wapangaji, na hapo linazuka tatizo ambalo Volkmar Uhlig na wenzake wa Chuo Kikuu cha Karlsruhe, Ujerumani, walilieleza mwaka 2004: prosesa pepe iliyoshika kufuli (alama inayowazuia wengine wasiguse data inayotumika) inaondolewa kwenye zamu kabla ya kulifungua. Mwenye ufunguo wa stoo kaitwa mjini ghafla, saba waliobaki wanazunguka mlangoni, na muda wa kuzunguka unahesabiwa kuwa ni kazi.

Tiba yako ni fupi kuliko maelezo yote haya. Usilisome salio, ukalijumlisha kwenye programu, ukalirudisha. Iambie hifadhidata ifanye yote kwa amri moja: UPDATE akaunti SET salio = salio + 10000 WHERE namba = 117. Kufuli la mstari huo italishika yenyewe. Pale unapolazimika kulitazama salio kabla ya kuamua, kwa mfano mtu anapotoa akiba, fungua muamala wa hifadhidata (hatua zinazokamilika zote au zisikamilike kabisa), soma kwa SELECT ... FOR UPDATE, amua, andika, kisha funga muamala. Usitegemee kufuli la ndani ya programu, maana siku utakapoendesha nakala mbili za programu hiyo, kila moja itakuwa na kufuli lake. Na namba ya kumbukumbu ya malipo ya simu iwekee sharti la kutojirudia kwenye jedwali, kwa sababu seva yako ikichelewa kujibu, taarifa ya malipo yaleyale inaweza kutumwa tena, na hapo utaanza kuwaongezea watu pesa badala ya kuwapunguzia. Hao hawatalalamika.

Kinachonisumbua zaidi ni desturi hii ya kusema "niliijaribu, ilifanya kazi". Kati ya 1985 na 1987 mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa 6 wa Marekani na Kanada dozi zilizopita kiasi mno, na baadhi yao wakafa. Mojawapo ya makosa yake ilikuwa mbio kama zako. Mtumiaji mwenye mkono mwepesi akirekebisha maelezo kwenye skrini ndani ya sekunde kama 8 ambazo sumaku zilikuwa zikijipanga, mashine iliendelea na sehemu ya maelezo ya zamani. Mwenye mkono mzito hakuliona kosa hilo kamwe. Na lilikuwemo pia kwenye Therac-20 iliyotangulia, ila ile ilikuwa na vizuizi vya umeme, kwa hiyo kilichotokea ni fyuzi kuungua. Watu wakabadilisha fyuzi, wakaendelea na kazi. Laptopu yako ilikuwa Therac-20 yako.

Najua wapo watakaosoma hapa wakasema, mimi naandika JavaScript, uzi, yaani mfululizo wa kazi ndani ya programu, ni mmoja, hayanihusu. Yanakuhusu. Kila await, yaani neno la kuisubirisha kazi, unayoiweka kati ya kusoma na kuandika ni mlango ulioufungua mwenyewe, na ombi lingine litapita hapohapo. Wengine wanahamia seva zenye prosesa za aina ya ARM kwa ajili ya bei, wakiwa na msimbo ambao uzi mmoja unaandika data kisha unainua bendera ya kawaida kuuambia uzi wa pili kwamba data iko tayari. Prosesa za x86, aina iliyozoeleka kwenye seva na laptopu, zina adabu kidogo hapo, maandishi ya prosesa moja yanaonekana kwa nyingine kwa mpangilio ulioandikwa. ARM hailazimiki mpaka uiagize, kwa hiyo uzi wa pili unaweza kuiona bendera imepanda huku data bado ni ya jana. Wakifika huko, nao watatafutiwa fundi wa kuwaambia kwamba ARM hazina uhakika na hesabu. Na fundi huyo mara nyingi ndiye yule anayeshauri seva izimwe na kuwashwa kila usiku wa manane, bila kusema ni nini hasa kinachosafishwa kwa kuizima.

Kwa wanachama ambao wameshapungukiwa, usiende kuwabandikia kiasi wanachodai kwa mkono. Kama una jedwali la miamala, jumlisha upya kila akaunti tangu mwanzo ulinganishe na salio lililopo. Waliopotezewa watajitokeza wote, hata wasiojua kwamba wamepotezewa. Kama ulikuwa unatunza salio peke yake, omba taarifa za malipo kwa kampuni ya simu uzipitie moja moja. Anza na za tarehe 28 hadi tarehe 2 ya kila mwezi.