Usimpe mama foliki kabla hajapimwa vitamini B12

Dada, simama hapo hapo. Hizo chupa mbili za foliki (vitamini B9) ulizoandika kwamba umeshanunua, zifungie kabatini, mama asimeze hata kidonge kimoja leo. Nimeisoma habari yako mara tatu: mama ana miaka 61, anameza metformini ya kisukari miaka mingi, miguu inawaka moto na kufa ganzi, amepimwa akaambiwa damu ni kidogo, na jirani amekushauri foliki pamoja na vitamini za paketi. Nimeona kama nasoma habari za nyumbani kwetu Arua, Uganda, mwaka 2019.

Mama yetu alikuwa na miaka 63. Kisukari miaka 9, metformini asubuhi na jioni, na omeprazoli ya vidonda vya tumbo juu yake. Alianza kwa kuchoka. Kisha akawa anatutania kwamba siku hizi anavaa soksi hata akiwa peku. Tulicheka naye. Kumbe ndivyo ugonjwa wenyewe unavyokwenda: ganzi huanzia vidole vya miguu yote miwili, ikapanda sawasawa kama mtu anayevuta soksi.

Akaja mtu mtaani na mashine. Unashika kifimbo cha chuma mkononi dakika moja, kompyuta inatoa karatasi zenye rangi nyekundu na kijani, inakuambia ini lako likoje, mifupa ikoje, vitamini gani imepungua. Hakuchukua tone la damu! Mimi ndiye niliyempeleka mama pale, kwa pikipiki, mchana wa jua kali. Karatasi ilisema foliki imeisha. Tukauziwa vidonge vya foliki vya miligramu 5, dawa ya maji ya kuongeza damu, na paketi ya vitamini mchanganyiko. Mbuzi wawili waliuzwa ili kulipia mwezi wa kwanza.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo tulipopotea. Damu ilipanda. Kweli kabisa, kwenye kituo cha afya walimpima, ikatoka 7.9 hadi 11.2 kwa miezi mitatu. Uso ukarudi rangi, akaanza tena kupepeta mtama mwenyewe. Tukamshukuru Mungu na yule mtu, nikampelekea hadi majirani. Na kwa sababu damu imepanda, ganzi ya miguu tuliiacha, tukasema hiyo ni ya kisukari tu, itakuja kupoa.

Haikupoa. Mwezi wa sita hivi nilikuwa nyuma yake tukitoka sokoni, ndala yake ya kushoto ikamvuka ikabaki njiani. Akaendelea kutembea. Hatua kumi, kumi na tano, juu ya kokoto za moto, mguu mmoja mtupu, na hakujua. Nilipomwita akageuka, akatazama mguu wake kama wa mtu mwingine. Usiku akiamka kwenda kutawadha alikuwa anapapasa ukuta, kwa sababu gizani hakuweza kujua miguu yake imekanyaga wapi.

Daktari wa hospitali tuliyompeleka baadaye aligonga uma wa chuma ule unaotetemeka, akauweka kwenye kifundo cha mguu. "Mama, unasikia inatetemeka?" Mama akasema hapana. Akapandisha hadi goti, hapana. Akauliza dawa zote anazomeza, alipofika kwenye foliki akaweka kalamu chini. Sampuli ya damu ikapelekwa Kampala. B12 ilikuwa chini sana.

Alivyotueleza ni hivi. B12 na foliki hufanya kazi pamoja kutengeneza chembe nyekundu za damu. Moja ikikosekana, chembe zinatoka kubwa kupita kiasi na chache. Ukimjaza foliki nyingi mtu aliyekosa B12, damu inaweza kutengenezwa tena, kwa hiyo kipimo kinapendeza. Lakini mishipa ya fahamu inaihitaji B12 yenyewe, foliki haiwezi kukaa mahali pake. Wewe unafurahia namba ya damu, huku utando unaofunika mishipa na uti wa mgongo unaendelea kuharibika.

Na kwa nini ikosekane kwa mtu anayekula mukene (dagaa) na nyama? Kwa sababu kula ni jambo moja na kuipata mwilini ni jambo lingine. Asidi ya tumbo ndiyo inayoitenganisha B12 na chakula, kisha tumbo linatoa protini maalumu ya kuibeba hadi mwisho wa utumbo mwembamba, huko ndiko inakoingia. Omeprazoli inapunguza hiyo asidi. Metformini ikitumiwa miaka mingi inaizuia B12 kuingia kule mwisho wa utumbo. Ini lina akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana tatizo linakuja polepole, na unapoliona limeshakomaa. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kupima B12 kwa watu wa metformini wenye dalili hizi. Na usiniambie kwamba paketi ya vitamini ina B12 ndani. Na yetu ilikuwa nayo, mikrogramu chache tu. Ile njia ya kubebwa ikiziba, kiasi kama asilimia 1 tu ndicho kinachopenya chenyewe, kwa hiyo hizo chache ni sawa na hakuna.

Kinachoniuma ni kwamba kosa hili si jipya. Foliki ilipoanza kutengenezwa maabara miaka ya 1940, madaktari wenyewe waliwapa wagonjwa wa aina hii, damu ikapanda, kisha miguu ikaanza kufa ganzi na kulegea. B12 ikapatikana mwaka 1948. Yote haya yameandikwa zaidi ya miaka 70! Yule mtu na kifimbo chake alikuwa anauza dawa kwa wazee wetu bila kuuliza hata swali moja: mama, unameza dawa gani nyingine? Tulipomrudia alisema sumu inatoka mwilini, tuongeze dozi. Mpaka leo nikiona mwavuli na meza ya namna ile stendi, nashuka kwenye boda nawaambia wazee waliopanga foleni.

Simaanishi foliki ni mbaya. Mama mjamzito anaihitaji, mikrogramu 400 kwa siku, tena kabla hata ya kushika mimba, na watoto wa selimundu wanapewa. Mama yako si mjamzito.

Mpeleke Jumatatu. Beba pakiti za dawa zake zote kwenye mfuko, usitegemee kukumbuka. Mwambie daktari maneno haya: metformini, ganzi ya miguu yote miwili, damu kidogo, naomba B12 ipimwe. Aangalie na ukubwa wa chembe nyekundu, na ulimi wake, kama ni mwekundu na laini. Metformini usimwachishe wewe mwenyewe.

Mama yetu alichomwa sindano za hidroksokobalamini, yaani B12 yenyewe, miligramu 1 kila baada ya siku moja, dawa nyekundu kama karkade iliyokolea. Moto wa miguu ulipungua. Mikono, iliyokuwa nayo imepata ganzi, ilirudi yote. Vidole vya miguu havikurudi, na anatembea na fimbo.

Majibu yakitoka andika namba hapa, pamoja na kiwango wanachokiita cha kawaida, maana maabara hutofautiana.